Mbadala wa nyama ukiwa ugenini: usitafute chapa, tafuta aina

Wiki ya pili baada ya kuhama nilinunua pakiti iliyoandikwa tofu, nikaikata vipande kama nilivyozoea, nikavitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Dakika chache baadaye vipande havikuwapo. Kilichobaki kikaangoni kilikuwa uji mweupe, mafuta yakirukia hadi ukutani, na njaa yangu iko palepale. Nikaamini nimeuziwa kitu kilichoharibika. Haikuwa hivyo. Ilikuwa tofu nzuri kabisa, ila ya aina laini, ambayo watu huila kwa kijiko au kuitia kwenye supu dakika ya mwisho. Nilikotoka nilikuwa nikinunua aina moja tu, na sikuwahi kuwaza kwamba neno moja linaweza kubeba vyakula viwili visivyopikika kwa namna moja.

Tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi waliokwama hapohapo. Mmoja ameacha nyama kwa sababu ya afya, mwingine kwa kuwahurumia wanyama, mwingine anakula nyama lakini alikohamia hapatikani mchinjaji anayemwamini kidini. Wote wanafanya jambo lilelile: wanatafuta chapa waliyoizoea, hawaioni, wanachukua pakiti yenye picha inayofanana, wanaipika kwa mazoea, inaharibika, wanahitimisha kwamba vyakula hivi havina maana. Chapa hazivuki mipaka kwa urahisi. Aina za vyakula zinavuka, na ziko chache tu. Ukizijua hizo, duka lolote duniani linasomeka.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana habari za siku hizi zimeyachanganya. Mbadala wa nyama ni chakula kisichotokana na mwili wa mnyama kinachochukua nafasi ya nyama kwenye sahani, ama kwa protini yake, ama kwa namna kinavyotafunika, ama kwa vyote viwili. Nyama ya kuoteshwa, ile inayoitwa nyama ya maabara, ni kitu kingine kabisa: ni seli za mnyama halisi zilizokuzwa ndani ya matangi bila kuchinja. Singapore iliruhusu iuzwe mwaka 2020, Marekani ikafuata 2023, na mwaka huohuo Italia ikapitisha sheria ya kuikataza. Ni nadra sana kuikuta dukani. Baga ya mimea unayoiona kwenye jokofu la supamaketi siyo hiyo, na hakuna haja ya kuikimbia kwa hofu hiyo.

Jambo la pili: mla mboga na vegani si mtu mmoja. Mla mboga hali nyama wala samaki, lakini wengi wao hula mayai na maziwa. Vegani haguzi chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali. Pakiti inayosema inawafaa walaji mboga inaweza kuwa na ute wa yai, na mara nyingi huwa nao, kwa sababu ute wa yai hushikanisha vizuri.

Barani Ulaya mgogoro wa majina umefika mahakamani. Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba maneno kama maziwa, siagi na jibini ni ya bidhaa za mnyama, isipokuwa machache yaliyoorodheshwa. Ndiyo maana ukihamia huko huoni maziwa ya soya. Unaona kinywaji cha soya, na mgeni anapita rafu nzima akiamini hakipo. Kuhusu nyama, Oktoba 2024 mahakama hiyohiyo ilisema nchi mwanachama haiwezi kukataza kwa jumla maneno kama soseji kwenye vyakula vya mimea kama haijaweka jina rasmi la kisheria la chakula husika. Oktoba 2025 Bunge la Ulaya likapiga kura ya kutaka majina kama baga na soseji yaachiwe nyama peke yake. Kura hiyo kwa yenyewe haikuwa sheria, lakini inaonyesha kwa nini jina lililoko mbele ya pakiti si la kutegemea. Leo liko hivi, kesho vile. Geuza pakiti usome nyuma.

Aina zenyewe

Tofu ni kama jibini bichi, ila maziwa yake ni ya soya. Maharage ya soya hulowekwa, husagwa, huchujwa, kisha yale maziwa hugandishwa kwa chumvi maalumu, kwa kawaida salfeti ya kalsiamu au kloridi ya magnesiamu ambayo Wajapani huiita nigari. Mabonge yakikandamizwa yatoe maji, unapata tofu ngumu. Yakiachwa yagandie ndani ya chombo chake bila kukamuliwa, unapata tofu laini. Tofauti yote ni maji. Kwenye duka la Kijapani aina ngumu huitwa momen, yaani pamba, na laini huitwa kinugoshi, yaani iliyochujwa kwa hariri. Majina yanatokana na vitambaa. Wachina wana doufu gan, iliyokamuliwa mpaka ikawa ngumu kiasi cha kukatwa nyuzinyuzi. Ujerumani utakuta tofu iliyokaushwa kwa moshi, na kwa mgeni anayeanza sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo, kwa sababu tayari ina ladha na haivunjiki.

Hapa kuna mtego mmoja. Uchina na Japani tofu ni chakula chenye heshima yake, hakikubuniwa kumfariji mtu aliyekosa nyama. Mapo doufu, mlo maarufu wa Sichuan, kwa desturi hupikwa na nyama ya kusaga. Japani tofu nyingi huchemshwa kwenye supu ya samaki waliokaushwa. Kwa hiyo kuona tofu kwenye orodha ya mgahawa hakukuhakikishii kwamba sahani haina nyama. Uliza.

Tempe inatoka Java, Indonesia. Soya nzima iliyochemshwa hupandikizwa kuvu aitwaye Rhizopus, ikakaa joto la nyuzi 30 hivi kwa siku moja au mbili, mpaka nyuzi nyeupe za kuvu zinafunga maharage yote kuwa bonge moja unaloweza kulikata kwa kisu. Wageni huitupa wakidhani imeota ukungu. Nyeupe ndiyo hali yake, na madoa ya kijivu au meusi ni mbegu za kuvu yuleyule, hayana neno. Rangi ya waridi, utelezi, au harufu kali kama ya mkojo ndiyo dalili ya kuitupa.

Seitani ni ngano. Chukua donge la unga wa ngano, lioshe kwenye maji mpaka wanga wote utoke, na kitakachobaki mkononi ni gluteni, kitu chenye mvutano kama ubani uliotafunwa. Wachina huiita mianjin, na wameifahamu tangu karne ya 6. Neno seitani lenyewe ni jipya, lilibuniwa na Mjapani George Ohsawa mwaka 1961. Kati ya zote hii ndiyo inayotafunika kama nyama. Ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, na kwa mwenye mzio wa ngano. Hao wasionje hata kidogo.

Soya kavu ya vipande ndiyo rafiki wa mgeni mwenye jiko dogo na mshahara mdogo. Ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa kwa joto na shinikizo kupitia tundu la mashine hadi ukafura. Kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani iliisambaza miaka ya 1960. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini, hukaa kabatini miezi mingi bila jokofu, na ipo karibu kila mahali, ila inajificha nyuma ya majina. Kwa Kihispania ni soja texturizada, Wabrazili huiita carne de soja, Kijerumani ya punje ni Sojagranulat na ya vipande ni Sojaschnetzel. Usiitafute kwenye jokofu. Nenda kwenye rafu ya maharage na unga, au kwenye duka la Wahindi.

Ipo pia protini ya kuvu, inayojulikana zaidi kwa chapa ya Quorn. Watafiti wa Uingereza wa miaka ya 1960, wakihofia dunia itapungukiwa protini, walimpata kuvu huyu kwenye udongo wa Buckinghamshire, na chakula chenyewe kikaingia sokoni mwaka 1985. Si uyoga ule unaoujua, ingawa ni jamaa yake. Bidhaa zake nyingi zina ute wa yai; zile za vegani huandikwa hivyo waziwazi.

Halafu baga za kisasa, za kampuni kama Beyond Meat na Impossible Foods za California, zilizoanzishwa mwaka 2009 na 2011. Hizi zimetengenezwa ziige nyama hadi rangi: protini ya njegere au soya, mafuta kama ya nazi, na kwa Impossible, himu, molekuli yenye chuma inayofanana na ile iliyomo kwenye damu, ambayo hutengenezwa na hamira iliyobadilishwa vinasaba. Kwa sababu hiyo ya vinasaba, ruhusa ya kuiuza inategemea nchi uliyopo.

Fenesi bichi la kopo nalitaja kwa onyo. Linachambuka kama nyama ya kuku iliyochemka sana na linapendeza machoni, lakini halina protini ya kuhesabika. Nunua la maji ya chumvi, si la sharubati, na weka maharage kando yake.

Kusoma nyuma ya pakiti usipojua lugha

Nchi nyingi huagiza viambato vipangwe kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia. Maneno matatu ya kwanza yanatosha kukuambia umeshika nini. Ukikuta gluteni ya ngano imetangulia, hiyo ni seitani hata kama mbele pana picha ya kuku. Ukikuta maji, protini ya njegere na mafuta ya nazi, ni baga ya kisasa. Ukikuta viazi, karoti na makombo ya mkate, umeshika kababu ya mboga, ambayo ni tamu lakini haitakushibisha kama nyama.

Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna msaada mwingine ambao wageni wengi hawaujui. Sheria inataka vizio vikuu 14, yaani viambato vinavyoleta mzio, vionekane tofauti ndani ya orodha, kwa kawaida kwa herufi nene. Yai na maziwa vimo katika hivyo 14, pamoja na soya na nafaka zenye gluteni. Kwa hiyo hata kama hujui neno moja la lugha ya huko, unatazama herufi nene peke yake: jifunze neno la yai na neno la maziwa, na umemaliza kazi kubwa. Jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, haimo kwenye vizio hivyo, kwa hiyo neno lake lijifunze pembeni. Mwenye mzio wa karanga atafute pia lupini, jamii ya kunde inayotumika sana katika vyakula hivi, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huzichanganya hizo mbili.

Alama nazo zina lugha. Nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani kwenye bidhaa za India ina maana hakuna nyama wala yai, lakini maziwa yanaweza kuwemo. Herufi V yenye jani kwenye duara la njano, inayotumika sana Ulaya, lazima uisome chini yake: imeandikwa vegani au mla mboga. Ua la alizeti ni la Vegan Society ya Uingereza na ni la vegani tu. Kwenye duka la Kichina tafuta herufi 素, na kwenye bidhaa za Kithai herufi เจ, mara nyingi nyekundu juu ya njano. Nyama za kuiga za Kichina zina historia ndefu inayotokana na watawa wa Kibudha, ila baadhi zina ute wa yai. Na kwa Mwislamu: kutokuwa na nyama si cheti cha halali, kwani vionjo vingine huyeyushwa kwa pombe. Tazama muhuri au waulize watengenezaji.

Jikoni

Makosa yetu mengi yana chanzo kimoja. Nyama ikipikwa hutoa: inatoa mafuta, inatoa maji yenye ladha, na mchuzi unajengwa kutokana nayo. Mbadala hupokea. Ukitia soya kavu kwenye maji matupu na kitunguu kibichi, itanywa maji matupu na kitunguu kibichi, na hiyo ndiyo ladha utakayoila. Kwa hiyo mpangilio unageuka. Mchuzi ujengwe kwanza mpaka uwe mtamu peke yake, mbadala uje baadaye.

Kinachofanya mchuzi wa nyama uwe mzito mdomoni ni ladha aliyoipa jina Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908: umami. Haiko kwenye nyama peke yake. Iko kwenye sosi ya soya, uyoga uliokaushwa, nyanya ya kopo iliyokaangwa mpaka ikawa ya kahawia. Mimi huloweka uyoga mkavu mitatu minne kwenye kikombe cha maji moto, na yale maji meusi ndiyo ninayolowekea soya kavu. Dakika 15 zinatosha. Kisha naikamua kwa mkono mpaka maji yaache kutoka, kama unavyokamua nguo, na hapo ndipo inaingia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, itandazwe isirundikane, iachwe bila kukorogwa mpaka upande mmoja ushike rangi. Wengi huruka kukamua na kukausha. Soya iliyojaa maji haiwezi kugeuka kahawia. Itachemka tu ndani ya mvuke wake, na ndiyo hiyo inayoitwa na watu sponji.

Tofu ngumu inadai jambo hilohilo, kutolewa maji. Ifunge kwenye kitambaa safi, weka sufuria nzito juu yake nusu saa. Huna muda? Itumbukize vipande kwenye maji ya chumvi yanayotokota dakika kumi na tano. Maji ya ndani hutoka na chumvi huingia. Usiiloweke kwenye mchanganyiko wa mafuta, kwa kuwa imejaa maji na mafuta yatabaki juu. Tumia sosi ya soya, ndimu, tangawizi. Kabla ya kukaanga, ipake wanga wa mahindi mkavu, na ikishashika kikaango usiilazimishe. Ikiiva upande huo itajiachia yenyewe.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni friza. Tofu ikiganda, maji yake huwa chembe za barafu zinazotoboa vijumba ndani. Inageuka njano ya kutisha, usiogope, ikiyeyuka inarudi nyeupe. Ikamue. Sasa una kitu chenye matundu kama mkate, kinachonyonya mchuzi na kutafunika kwa ukinzani. Wajapani huigandisha na kuikausha kabisa, wakaiita koya-dofu, na inauzwa kavu kwenye pakiti nyepesi.

Tempe ipike kwa mvuke dakika kumi uchungu upungue, kisha ikaange. Seitani unayoitengeneza mwenyewe isichemke kwa fujo, moto uwe wa chini, la sivyo inavimba na kuwa mpira. Baga ya kisasa hushikana kwa selulosi ya methili, kiambato kinachofanya kinyume cha jelatini: hukaza kikiwa moto na kulegea kikipoa. Ndiyo maana baga hiyo ikiwa mbichi inaonekana imelegea kama haitashika. Iache ishike joto kabla ya kuigeuza, usiikandamize, uile ingali ya moto. Na usiiongezee chumvi kabla ya kuonja. Waingereza huweka rangi nyekundu kwenye chakula chenye chumvi zaidi ya gramu 1.5 kwa kila gramu 100, na nyama za kuiga kadhaa huufikia mpaka huo.

Maneno yanayosemwa

Soya humgeuza mwanamume kuwa na mwili wa kike: hofu hii imetoka kwenye isoflavoni, viini vya mmea vinavyofanana kwa umbo na homoni ya estrojeni. Kufanana si kuwa sawa. Uchambuzi uliokusanya majaribio mengi kwa wanaume, wa mwaka 2010 na mwingine wa 2021, haukuona soya ikishusha testosteroni.

Gluteni ni mbaya kwa kila mtu: si kweli. Ni hatari kwa wenye siliaki na wenye mzio wa ngano, na wapo wachache wengine wanaosumbuliwa nayo.

Ikiwa ya mimea basi ni ya afya: hapana. Tofu na soseji ya kuiga iliyosheheni mafuta ya nazi ni vitu viwili tofauti, na ya pili naichukulia kama soseji yoyote, chakula cha siku moja moja.

Na lile linalosemwa kinyume chake, kwamba asiyekula nyama hahitaji kuangalia chochote maadamu protini ipo, ndilo linaloniogopesha. Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika kwenye mmea wowote, wala kwenye tempe, wala kwenye mwani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku kwa vipimo vya Marekani, na upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu polepole, miaka ikipita bila dalili. Baadhi ya mbadala huongezewa, nyingine hazina kabisa, na bidhaa ya chapa ileile inaweza kuwa nayo nchi moja na kuikosa nchi nyingine. Kama uliyoizoea ilikuwa na B12 na ya ugenini haina, utabadilisha pakiti bila kujua umeacha nini. Tafuta herufi hizo, B12, zinaandikwa hivyo karibu kila lugha. Usipoziona, meza kidonge.

Ile tofu laini iliyoyeyuka kikaangoni siku hizi naisaga na ndimu, kitunguu saumu na chumvi, inakuwa sosi nzito kama malai, ninayoimimina juu ya soya iliyokaangwa.